Kuta za udongo na baridi ya Iringa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajenga nyumba ya vyumba vitatu wilayani Kilolo. Fundi amependekeza kuta nyembamba za tofali za kuchoma na paa la bati, na dari isubiri mpaka fedha zipatikane. Wazee wanasema tembe la babu, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilikuwa na joto usiku wa Juni kuliko nyumba za siku hizi. Je, nirudie tembe? – Msomaji, Kilolo.

JIBU: Wazee wako wanasema kweli. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole, hulihifadhi, kisha hulitoa ndani saa nyingi baadaye, baridi ya usiku ikiwa imekwisha kuingia. Na tembe la Wahehe lilikuwa na udongo huo hata paani, umetandazwa juu ya miti, fito na nyasi. Bati ni jembamba mno kuhifadhi joto. Huwaka mara jua linapopanda, na usiku wa anga jeupe hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, ndiyo maana alfajiri hudondosha matone ndani.

Hata hivyo, paa bapa usilirudie. Hilo lilifaa sehemu zenye mvua chache. Kwenye mvua nyingi, kama Rungwe, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka nyasi kwa mteremko mkali. Kila mahali palijibiwa kwa namna yake, nami naona hilo ndilo la kuiga. Ezeka bati lako kwa mteremko, lakini nakusihi usiahirishe dari, kwa kuwa joto la usiku hupotelea juu kuliko kwingineko.

Kuhusu kuta, tanuri la tofali hula kuni nyingi, na misitu yetu inaumia. Tofali mbichi zilizokaushwa vizuri, kwa ukuta wa sentimita 30 au zaidi, zitakupa joto lile lile, mradi msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi na upenu uwe mpana ili mvua isiloweshe ukuta. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini, kwa sababu mwezi Juni na Julai jua letu hupita upande huo.

Kabla ya yote, fyatua tofali chache za majaribio na uzianike kivulini: zikipasuka, udongo wako una mfinyanzi mwingi, hivyo ongeza mchanga.