Lemosho: Siku Sita au Nane?

SWALI: Mimi na wenzangu wawili tunapanda Kilimanjaro mwezi wa nane kwa njia ya Lemosho. Kampuni moja inatupa siku sita kwa bei nafuu, nyingine inasema nane. Sote ni wakimbiaji, pumzi ipo. Hizo siku mbili zina faida gani? Na maji ya usiku wa kileleni tuyabebeje yasigande?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, lipieni nane. Fedha ikipungua, ni heri kuahirisha safari kuliko kukata siku. Mbio zimewajengea miguu, lakini haziufundishi mwili kuishi na hewa nyepesi. Hilo linataka usiku kadhaa mlimani. Wakimbiaji ndio wanaoanza kwa kasi, wakafika kambi ya Shira vichwa vinagonga na chakula hakipiti.

Ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku. Ratiba ya siku sita kwa kawaida huruka kambi ya Karanga: mnatoka kambi ya Barranco (mita 3,976) hadi Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele (mita 4,673), kwa siku moja, mnafika jioni hoi, na karibu saa sita usiku mnaamshwa kwenda kileleni. Ya siku nane inawalaza Karanga, mchana wa kesho yake mnapumzika Barafu.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Mwambieni mwongozaji, msifiche. Mwenzenu akianza kuyumba, mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, au akihema hata akiwa amekaa, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kusubiri kupambazuke kunaua.

Kuhusu maji: Barafu hakuna chanzo, wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga, kwa hiyo msiyachezee. Usiku ule kila mtu abebe lita mbili hadi tatu za maji ya moto kwenye chupa ngumu za mdomo mpana, zilizovikwa soksi nene na kupinduliwa kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo unabaki wazi. Mfuko wa maji wenye mrija uacheni kambini, kwani mrija ndio unaotangulia kuganda. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.

Na kateni kucha za miguu siku mbili kabla ya safari: mteremko wa kurudi, Barafu hadi Mweka, hung'oa kucha ndefu.