Maswali kwa Mama Jeometa: borne ziko chini ya lava, namba zimebaki

Mama Jeometa, mpimaji wetu wa ardhi, nakusalimia. Parseli yetu iko Buhene, karibu na Goma, mita 20 kwa 25. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilifunika nyumba pamoja na borne (alama za mpaka) zote nne. Tulichookoa ni kroki (mchoro wa parseli) yenye namba za UTM, yaani namba za mahali kwa mita, za kila pembe, mita kamili bila desimali. Tulimwita kijana mwenye GPS ya mkononi. Asubuhi alisimika vijiti. Jioni tukamwomba arudie, vikaangukia kwingine, kimoja hatua tano kutoka pale pa kwanza. Jirani naye ana namba zake, na zinaingia kwetu. Nani mwenye haki? (Mama wa Buhene)

Pole sana, mama yangu. Nimepokea barua nyingi kutoka upande huo wa Nyiragongo, na yako nimeichagua kwa sababu umehifadhi kroki. Usimpe mtu yeyote ile ya asili, toa fotokopi.

Kijana hakukudanganya, wala mashine yake si mbovu. Satelaiti za GPS ziko juu zaidi ya kilomita 20,000. Mawimbi yake hupindishwa kidogo na anga, yakagonga kuta na mabati kabla ya kufika. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 hata mahali palipo wazi, na kwa kuwa satelaiti za asubuhi si zile za jioni, kosa lenyewe linahama. Kwenye malisho ya ng'ombe kule Masisi mtu anaweza kuvumilia mita 5. Kwako mita 5 ni robo ya upana wa parseli: chumba cha kulala pamoja na jiko.

Sasa angalia namba za kroki yenyewe. Kukosa desimali kunanifanya nishuku kwamba nazo ziliandikwa kwa mashine ya namna hiyohiyo. Basi kuna kosa la siku ile na kosa la leo, na jirani yako ana makosa mawili ya kwake. Namba zenu zinaweza kugongana ilhali borne zenu hazikuwahi kugongana. Ndiyo maana sitasema nani ana haki kwa kutazama namba peke yake, na ninawasihi nyote wawili msijenge ukuta kwa kufuata vile vijiti.

Tazama pia kichwa cha kroki. Goma na Nyiragongo ziko zoni 35 kusini ya UTM. Ukikuta 36, simama hapo, zoni hiyo si yetu. Ukikuta jina Clarke 1880, namba hizo zimetoka katika vipimo vya zamani, wakati GPS hutumia vipimo vipya vya WGS84, na tofauti ya hivyo viwili hufika mamia ya mita. Mpimaji anajua kuzigeuza, lakini lazima aambiwe.

Kitu cha kuaminika zaidi kwenye karatasi yako ni urefu wa pande, kwa sababu kwa kawaida huo ulipimwa kwa mita ya kuvuta kutoka borne hadi borne. Kwa hiyo tafuteni ukingo wa lava. Nje yake kuna borne ambazo hazikufunikwa, kuna pembe za nyumba, kuna barabara. Mpimaji wa kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi) aanzie huko kwa vipokezi viwili vya satelaiti, kimoja kikitulia na kingine kikitembea. Jozi hiyo hukosea sentimita 2 au 3 tu. Kisha aingie juu ya lava parseli kwa parseli, akifuata urefu ulioandikwa kwenye kroki za mtaa mzima. Picha za satelaiti za kabla ya Mei 2021 zitasaidia kuona paa na uzio vilikuwa wapi, ingawa picha nazo huweza kusogea mita kadhaa.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia kwenye borne za jirani. Baada ya mlipuko ule, magma ilipita chini ya ardhi hadi chini ya mji na ziwa, nyufa zikafunguka barabarani, na ardhi ikasogea. Wataalamu wa OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkeno, hufuatilia mwendo huo kwa vipokezi vya satelaiti vilivyosimikwa daima kulizunguka volkeno. Parseli zilizo karibu karibu, zisizotenganishwa na ufa, zilisogea pamoja, hivyo umbali kati yake ulibaki uleule. Namba za mahali ndizo zilizopitwa.

Msichimbe kutafuta borne ya zamani. Mpimaji atoboe jiwe, aweke nondo kwa sementi, na majirani wa pande zote wasaini PV (taarifa rasmi ya kazi hiyo) mbele ya chefu wa mtaa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasimama juu ya sertifika ya usajili, yaani hati ya haki ya ardhi. Vijiti vya mtu binafsi haviongezi wala kupunguza kitu ndani yake. Nendeni kadastre mtaa mzima kwa pamoja. Mkienda mmoja mmoja, kila parseli itapimwa kutoka mwanzo tofauti, na ugomvi wenu mtaurithisha kwa watoto.

Mama, mimi ni mpimaji kijana, Himbi. Nina vipokezi viwili vya satelaiti, vya masafa mawili ya mawimbi. Skrini inaandika FIX, yaani mashine ina uhakika wa mahali, sentimita 1, lakini kazi yangu na ya mwenzangu kwenye parseli zinazopakana zinaachana karibu mita 2. Tena saa za jioni FIX inapotea.

Mwanangu, ile sentimita 1 ni kutoka kituo chako hadi nguzo unayotembea nayo, basi. Kituo chenyewe ulikipa namba gani? Kama ulibonyeza mashine ijitafutie mahali, ilikosea mita moja au mbili, na kazi nzima ikahama nayo bila kupinda hata kidogo. Mwenzako alifanya vilevile siku nyingine. Acheni kituo kirekodi saa nne au zaidi mahali pasipo mabati karibu, mgeuze faili kuwa ya muundo wa RINEX, muitume kwa huduma ya bure ya Kanada ya kukokotoa mahali, CSRS-PPP. Majibu huja kwa sentimita chache. Simikeni alama moja ya kudumu, mwianzie nyote wawili.

Andika na tarehe. Bamba la Afrika linatembea kuelekea kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka, na namba za WGS84 zinaliona likitembea. Kazi ya miaka kumi iliyopita na ya leo zitaachana karibu sentimita 30 ingawa borne haijaguswa.

Kuhusu jioni: tunaishi ukanda wa ikweta, na baada ya jua kuzama anga ya juu huchafuka hadi karibu usiku wa manane, hasa miezi ya Machi na Aprili, Septemba na Oktoba. Fanya kazi asubuhi. Na kila pembe uirudie baada ya saa moja, ukizima na kuwasha upya, kwa sababu FIX ya uongo ipo, na skrini haikuonyi.

Je, naweza kununua parseli kwa namba za mahali zilizotoka kwenye GPS ya simu, nilizotumiwa na muuzaji kwa WhatsApp? (Majengo)

Zitakufikisha kwenye parseli, hazitakuonyesha mpaka. Hesabu desimali za digrii: nne ni kama mita 11, tano ni kama mita 1, na simu ikiandika saba bado haijui zaidi ya mita zake chache. Nenda mwenyewe, uone borne kwa macho, uzivutie mita mbele ya majirani, kisha upeleke namba ya sertifika ofisini ikaguliwe kabla hujatoa dola hata moja.