Msogezeni mtu mbele, kitambaa kibaki nyuma

Vijana wangu, nimeletewa tena klipu ya kuokoa. Mgeni karibu aegemee kitambaa cha kijani, kile tunachokifuta baadaye tuweke mandhari nyingine, kivuli chake kimelala juu ya kitambaa, na aliyerekodi ananiambia, "Bosi, utaimaliza kwa programu." Programu hufuta rangi ambayo kamera imeiona. Haijui kwamba kijani kilichoko shavuni si kitambaa.

1. Mita mbili au zaidi kati ya mtu na kitambaa. Najua vyumba vya River Road ni vidogo. Toeni meza, fungueni mlango, kamera irekodi kutoka koridoni. Taa ikipiga kitambaa, kijani humrudia mtu mabegani, masikioni, na penye mng'aro wowote wa ngozi. Kipara na paji la uso hupakwa poda. Na nywele, jamani! Mama wa klipu hii alisukwa vizuri, rasta nyembamba mpaka mabegani. Nikifuta kidogo, kila rasta inabaki na ukingo wa kijani; nikizidisha, ncha zinaliwa kana kwamba kapitiwa na makasi butu. Nikatenga uso, nikatenga nywele, nikatenga mabega. Nikapunguza kijani, ngozi ikaelekea zambarau. Usiku ukaisha hivyo. Mama wa watu kaamka alfajiri, kapanda matatu kutoka Rongai akiwa amependeza, na hakuna aliyemwambia asogee hatua chache mbele. Hilo linaniuma.

2. Taa za kitambaa ziwe za kitambaa, za mtu ziwe za mtu. Washeni zebra, ile milia ya kwenye skrini ya kamera inayoonyesha penye mwanga uliofika kiwango mlichoweka, mshushe kiwango taratibu: milia ikifunika kitambaa chote kwa pamoja, mwanga uko sawa. Ikianzia kona moja, sogezeni taa.

3. Stima yetu ni hezi 50. Ili taa zisipepese kwenye picha, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mtu akirusha mikono sana, 1/100, kingo zisitoke na ukungu.

4. Kurekodi rangi kwa mpangilio wa 4:2:0 hubakiza sampuli moja ya rangi kwa pikseli nne, na programu inafuta kwa kufuata rangi. Kamera ikiwa na 4:2:2 ya biti 10, inayohifadhi rangi zaidi, tumieni hiyo.

5. Jezi ya kijani ya Gor Mahia mnakumbuka wote kuikataa. Mnachosahau ni bangili ya shanga za bendera: ule mstari wa kijani ukifutwa, mkononi panatokea tundu. Ombeni kwa heshima, "Mama, tukuwekee bangili kidogo?" Na mkimaliza, mrudishieni mkononi, msiiache mezani.