Rangi ibaki au itolewe? Majibu kwa wapiga picha wa Kigoma

Nimekusanya maswali matano yanayozunguka jambo moja: lini picha ibaki na rangi, lini iwe nyeusi na nyeupe.

Napiga picha soko la Mwanga kwa simu. Zikiwa na rangi zinapendeza, nikizigeuza zinakuwa kijivu kitupu. Simu yangu ni mbovu?

Simu haina kosa. Nyanya na mchicha jicho linavitofautisha kwa rangi, lakini mwangaza wake unakaribiana. Rangi ikitoka, vyote vinaangukia kijivu kimoja. Enzi za filamu wapiga picha walifunga kioo cha rangi mbele ya lenzi. Kioo chekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia bluu na sehemu kubwa ya kijani, hivyo nyanya inang'aa, mchicha unakuwa mweusi, anga la bluu linakolea na mawingu yanajitokeza. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu. Snapseed, kwa mfano, kwenye sehemu ya nyeusi na nyeupe ina vichujio vya nyekundu, chungwa, njano, kijani na bluu. Pitia kimoja kimoja uone nyanya zako zinavyobadilika.

Kisha angalia saa. Huku kwetu magharibi jua huchelewa, na saa saba mchana ndipo linakaa utosini: vivuli vimejikunja chini ya meza, hakuna umbo. Nenda mwanga ukiwa bado unatoka ubavuni. Dagaa walioanikwa Kibirizi wakipigwa na mwanga huo hawahitaji rangi hata kidogo, maana uzuri wao uko kwenye mng'ao na mpangilio. Mawese ni habari nyingine. Chupa za mawese zilizopangwa juani ukizitoa rangi zinakuwa chupa za kitu chochote. Hizo ziache.

Picha za marehemu babu za miaka ya 1960 bado ni safi, lakini za harusi ya wazazi, za rangi, zimekuwa nyekundu zote. Kwa nini za zamani ndizo zinazodumu? (Ujiji)

Kwa sababu ya kilichomo ndani ya karatasi. Picha nyeusi na nyeupe ya zamani imeundwa kwa chembe za madini ya fedha, na ikisafishwa vizuri hukaa miaka mingi sana. Picha ya rangi imeundwa kwa tabaka tatu za rangi za kemikali: njano, ile ya waridi iliyokolea, na ile ya bluu-kijani. Kila moja hufifia kwa mwendo wake. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1970 ile ya bluu-kijani ilikufa mapema hata ndani ya albamu iliyofungwa, ndiyo maana nyuso zinabaki na wekundu. Joto na unyevu huharakisha, nasi tunakaa kando ya ziwa. Dada yangu, usisubiri. Zipige picha upya au zipeleke zikaskaniwe, uzihifadhi mahali pakavu penye giza, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Na kama negativu zipo, yaani zile filamu zilizotumika kuchapa picha, zitunze kuliko picha zenyewe.

Nikimpiga picha baba akiwa na kanzu nyeupe, uso unapotea. Nyeusi na nyeupe itasaidia?

Hapana, tatizo ni mwanga, si rangi. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso ndio unaoumia. Mweke barazani kwenye kivuli, ageukie uwazi, gusa uso wake kwenye kioo cha simu kisha pandisha mwanga kidogo. Kanzu ikipoteza mikunjo miwili mitatu, si neno. Ngozi nyeusi ina vina vingi vya mwanga, na inastahili kupimwa yenyewe. Kwa miaka mingi kadi za Kodak zilizotumiwa na maabara kurekebisha rangi zilionyesha mwanamke mzungu, na watu weusi wakaambiwa kwamba wao ndio hawatoki vizuri kwenye picha. Si kweli. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, aliwapiga picha watu wake kwa nyeusi na nyeupe, na kila uso unasomeka.

Kuna picha ya zamani ya stesheni ya Kigoma iliyotiwa rangi kwa kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa?

Ni kisio. Reli ilifika hapa 1914, wakati filamu nyingi hazikuuona wekundu kabisa: udongo wetu mwekundu ulitoka mweusi kuliko ulivyo, na anga la bluu likatoka jeupe. Kompyuta haiwezi kurudisha kisichorekodiwa. Anayeisambaza aandike wazi kwamba rangi zimetiwa baadaye.

Niweke kamera kwenye nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, au nigeuze baadaye?

Tazama kwa nyeusi na nyeupe, hifadhi kwa rangi. Kamera nyingi zikiwekwa kwenye RAW, yaani faili ghafi, pamoja na mtindo wa nyeusi na nyeupe, hukuonyesha kijivu kiooni huku faili likibaki na rangi zote. Ukipiga JPEG, yaani faili la kawaida la picha, ikiwa ya kijivu, rangi haitarudi, na bibi harusi akiuliza kitenge cha mama yake kilikuwa cha rangi gani, huna la kumwonyesha.