Kocha na kura: barua kwa mwanangu aliye Iringa

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ndaga fijo kwa sukari na lile sweta. Baridi ya mwezi huu imezidi, ukungu wa Mlima Rungwe hautoki mpaka saa nne asubuhi. Wadogo zako hawajambo, na migomba imesimama vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema wazee wa kata wamekufuata uchukue fomu ya udiwani, kwa kuwa umefundisha timu ya chuo miaka tisa na kila kijana wa hapo anakujua. Kisha ukaniuliza: "Mama, kocha akiingia kwenye siasa anakwenda na nini? Na kama jina ni mtaji, mbona Tom Osborne wa Marekani alishindwa?"

Nianze na huyo Osborne, maana umemshika upande mmoja. Uliyoandika ni kweli: alikuwa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, katika Chuo Kikuu cha Nebraska tangu 1973 hadi 1997. Misimu 25, kashinda mechi 255, kafungwa 49. Mwaka 2000 wakamchagua kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, akakaa vipindi vitatu akiwasemea watu wa mahindi na ng'ombe. Mwaka 2006 akautaka ugavana wa jimbo la Nebraska, akaangushwa na Dave Heineman kwenye kura za maoni za chama chao.

Ulichoruka ni usiku wa tarehe 2 Januari 1984. Nebraska walikuwa hawajafungwa msimu mzima, wakaenda kucheza na timu ya Chuo Kikuu cha Miami kwao Miami. Walikuwa nyuma 31 kwa 17, wakapambana, na zikiwa zimebaki sekunde 48 wakafika 31 kwa 30. Kwa sheria zao, timu ikishavuka mstari wa mwisho hupewa nafasi ya nyongeza: upige teke upate pointi moja, ambalo ni jambo jepesi kwao, au ujaribu kuuvusha mpira tena upate mbili. Teke lingeleta sare, kwa sababu enzi hizo vyuo havikuwa na muda wa nyongeza, na kwa rekodi waliyokuwa nayo sare ile karibu ingewapa ubingwa wa nchi nzima. Osborne akataka mbili. Aliona wamekuja kushinda, na kama wanaondoka na taji basi waondoke wameshinda. Pasi ikapigwa, beki wa Miami akaigusa, mpira ukaanguka chini. Wakalala. Ubingwa ukabaki Miami, naye akausubiri wa kwake mpaka msimu wa 1994.

Mimi niliyefundisha netiboli chuoni miaka kumi na saba, habari hiyo hunigusa kila nikiikumbuka. Mara ngapi nimewaambia wasichana wangu wapoteze muda, wazungushe mpira, tulinde bao moja! Nilikuwa sahihi kimchezo. Lakini siku zile nilikuwa nawafundisha kuogopa, na wao walijua.

Sasa itazame 2006 tena. Mwaka ule Bunge la Nebraska lilipitisha sheria ya kuwaruhusu watoto wa wahamiaji wasio na vibali kulipa ada ya chuo sawa na wenyeji. Heineman, ambaye tayari alikuwa amekalia kiti cha ugavana tangu 2005, aliikataa. Osborne, katikati ya kampeni, akasema yeye aliiunga mkono. Wengi waliofuatilia uchaguzi ule wanalitaja hilo miongoni mwa yaliyomwangusha. Ninavyomwona mimi, ni mtu yuleyule wa 1984. Tofauti ni kwamba uwanjani hata waliomfunga walimheshimu kwa uamuzi wake, na wapiga kura hawana deni hilo kwa mtu yeyote. Watu waliompenda Jumamosi kwa Jumamosi, miaka 25, walikwenda kwenye sanduku wakiwa na mambo mengine moyoni. Kwa hiyo jina lako hapo Iringa litakufungulia mlango, wala halitazidi hapo.

Umemtaja na Tommy Tuberville, aliyekuwa kocha wa futiboli hiyohiyo katika Chuo Kikuu cha Auburn, akaingia Seneti kwa uchaguzi wa 2020. Sina mengi. Mwaka 2023 alizuia kwa miezi upandishaji vyeo wa maofisa wa jeshi zaidi ya 400, akipinga utaratibu wa Wizara ya Ulinzi wa kugharamia safari za wanajeshi wanaokwenda kutoa mimba. Seneta mmoja anaweza kufanya hivyo kwa kanuni zao. Wako waliompongeza. Mimi nilimwona kocha aliyezoea kwamba akisema hakuna mazoezi kuendelea, hayaendelei.

Na hapo ndipo ninapokuogopea wewe, kwa sababu nilipita palepale. Nilipostaafu wakanichagua kuongoza kamati ya maji. Nikaingia na filimbi yangu kichwani. Chuoni, binti akichelewa mazoezi mara tatu alikaa benchi, mjadala umekwisha. Huku, jirani hakuchangia miezi mitano, nikasimama mkutanoni nikamtaja kwa jina, nikaagiza koki yake ifungwe. Wiki ile nilimwona mtoto wake wa darasa la pili akipanda kilima na ndoo kutoka mtoni. Nilikwenda kwao usiku kuomba radhi. Ilinichukua mwaka mzima kukubali kwamba katika kijiji hakuna sabu. Huwezi kumtoa mtu ukaingiza mwingine. Anayekupinga leo ndiye utakayechimba naye mtaro kesho, na usipomshawishi mtaro hauchimbwi.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Subira unayo, na kukaa na kijana asiye na kipaji mpaka apate nafasi yake, hilo nimeliona kwa macho yangu pale uwanja wa Samora. Osborne pia alikuwa nalo. Mwaka 1991, yeye na mkewe Nancy walianzisha mpango wa wachezaji wake kuwalea kimawazo wanafunzi wadogo, na ulianza miaka tisa kabla hajaomba kura ya mtu yeyote.

Ila barua yako ya kurasa nne haina hata mstari mmoja juu ya timu. Osborne alipoondoka alimwachia Frank Solich, msaidizi aliyekuwa naye tangu 1979. Wewe utamwachia nani? Yule kipa wa Makete aliyetaka kuacha chuo kwa ajili ya ada, nani atakayemfuata bwenini? Niandikie jina la mtu huyo kabla hujaichukua fomu. Ukishalipata, nitakuja Iringa kwa basi la alfajiri, tukae naye mezani sote watatu.

Mama yako