Maswali yenu: Uber ni kampuni, imekuaje kitenzi?

Safari hii maswali yamekuja mengi ya Kingereza cha mitaani, kile cha wageni huko pwani na cha watoto wetu wakishakaa na simu. Nayajibu kama yalivokuja.

Mwalimu, mie natembeza wageni Nungwi. Mmoja ananihadithia mambo ya kwao London akasema "we Ubered everywhere". Uber si jina la kampuni? Kitenzi kimetoka wapi? (Kaka wa Nungwi)

Ni kampuni kaka, ile ya kuita teksi kwa simu, na ni kitenzi vilevile, na wala hujasikia vibaya: kakwambia kila pahala walikwenda kwa Uber. Kingereza cha zamani sana maneno yalikuwa na viambishi mwishoni, mapenzi yalikuwa lufu na kupenda lufian, yani ukisikia mwisho wa neno tu unajua hili nomino hili kitenzi. Viambishi vile vikaanza kudhoofika, na karne zilizofuata baada ya Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066 vingi vikapotea kabisa, yote mawili yakabaki love. Sasa neno likishakuwa halina alama yoyote mwilini mwake, kazi yake inajulikana kwa pahala lilipokaa na maneno yaliyo jirani yake, likija baada ya "the" au "a" ni nomino, likija baada ya "we" au "to" ni kitenzi, likitiwa -ed ndo kabisa hakuna ubishi. Kwa hivo Mngereza akitaka kitenzi kipya haombi ruhusa kwa mtu, analichukua jina lolote analiweka pahala pa kitenzi basi kazi imekwisha.

Majina ya kampuni ndo yanakwenda haraka zaidi mana kila mtu anayajua. Google iliingia kwenye kamusi ya Oxford kama kitenzi mwaka 2006, na wale American Dialect Society, chama cha wataalamu wa Kingereza cha Marekani, wakakichagua kitenzi hicho kuwa neno la muongo mzima wa 2000 hadi 2009. Waingereza wanasema "hoover" kwa kusafisha zulia kwa mashine hata kama mashine yenyewe si ya Hoover. Kwa kazi yako hiyo nakushauri kitu kimoja: ukisikia neno geni usikimbilie maana kwanza, sikiliza lililokuja kabla yake na lililokuja baada, ukishajua linafanya kazi gani maana nusu ushaipata.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika "it was so fun" kwenye insha, ticha kaipiga mstari mwekundu. Kosa liko wapi, mbona kila mtu anasema? (Mwanafunzi wa form three, Wete)

Marahaba mwanangu. Fun, yani raha, asili yake kwenye sarufi ya skuli ni nomino, ndo mana ticha anataka "it was great fun" au "so much fun". Watu wakalisikia "it was fun" wakaona limekaa pale pale wanapokaa good na nice, wakaanza kulitumia kama kivumishi, wakaongeza so, wengine sasa wanasema hata "funner". Kwenye mazungumzo hakuna atakaekushangaa. Kwenye mtihani andika anavotaka ticha, mana anaesahihisha hana haja ya kujua kwamba unajua zote mbili.

Mimi ni mzazi, Mwanakwerekwe. Mtoto wangu wa kiume kila kitu kwake "dope", nyimbo dope, viatu dope. Mimi nijuavyo dope ni madawa ya kulevya na mtaani kwetu hayo tumeyaona. Niogope? Na hizi cringe na rizz nazo ni lugha au ni uharibifu?

Bi mkubwa, hofu yako naielewa, na sitokwambia upuuze jambo la madawa hata siku moja. Lakini kwa neno hili peke yake usimhukumu mtoto. Dope limetoka kwenye Kiholanzi, doop, maana yake mchuzi wa kuchovea. Lilipofika Marekani likawa kitu chochote kizito cha majimaji, kisha kasumba, kisha madawa kwa jumla, na muda wote huo ni nomino. Miaka ya 1980 vijana wa hip hop wakalifanya kivumishi, "kizuri sana", na hiyo ndo anayoisema mwanao. Tizama sentensi yake: akisema viatu ni dope anasifu viatu, akisema ana dope, au anatafuta dope, hapo ndo nomino, hapo kaa nae mzungumze.

Cringe ni kitenzi cha zamani, kujikunyata, sasa wamelifanya sifa ya kitu kinachokutia aibu hata kama alokifanya ni mwengine. Rizz ni charisma iliyokatwa kichwa na mkia, Oxford walilichagua neno la mwaka 2023, ni nomino, ule mvuto wa mtu, na ukitia up baada yake, "rizz up", linakuwa kitenzi, kumvutia mtu kwa maneno.

Kuhusu uharibifu, malalamiko hayo ni ya zamani sana. Mwaka 1789 Benjamin Franklin, mwanasiasa mkubwa wa Marekani, alimwandikia barua Noah Webster, yule wa kamusi, analalamikia watu kuyafanya vitenzi maneno notice, advocate na progress. Leo yote matatu yanafundishwa skuli na walimu wakali kabisa. Na Shakespeare kabla yake alikwisha mpa mhusika wake kusema "uncle me no uncle", yani ami kafanywa kitenzi! Mie kwa kweli naona hii ni nguvu ya lugha ile, na watoto wanaoichezea hivi wanaijua vizuri kuliko tunavodhani.

Lowkey ni nini? (Dada wa Fumba)

Zamani kivumishi, jambo la kimya kimya. Sasa kielezi, "I lowkey love it", naipenda lakini sitaki kutangaza.

Na Kiswahili chetu kinafanya hivi au ni wao tu? (Makunduchi)

Kinafanya, swali zuri mno hili. Poa ni kitenzi, chai imepoa, leo tuna mtu poa, na ukisalimiwa mambo unajibu poa. Bomba ni la maji, nomino, tukapata gari bomba. Na angalia kitu kimoja: hatusemi watu wapoa wala vitu vipoa, neno linaingia kwenye kazi ya sifa bila kuvaa ngeli kabisa, sawasawa na wanavofanya Waingereza. Halafu kuna haya yenye asili ya Kiarabu, jibu, hesabu, hukumu, hayana haja ya kubadilika, jibu lake hilo, nijibu basi.

Lakini kwa jumla sie tunavisha. Sababu inakuwa sababisha, bahati inakuwa bahatisha, taifa linakuwa taifisha. Hata kitenzi tukikiazima leo hakitembei uchi, lazima kibebe nafsi na wakati, kaniblok, ntakuteksti, wameiposti. Kwa hivo msikilizaji wa Kiswahili anasikiliza mwili wa neno, wa Kingereza anasikiliza pahala pake, na ndo mana wengi wetu Kingereza cha mitaani kinatupiga chenga ingawa maneno tunayajua.

Nafanya kazi hoteli Paje, meneja kaniandikia "I know it's a big ask" kisha kanitaka nifanye zamu mbili. Ask si kuuliza? (Kijana wa risepsheni)

Ask ni kuuliza na ni kuomba pia. Hapo kuna "a big" mbele yake kwa hivo ni nomino, ombi, na anakiri mwenyewe kwamba ombi ni zito. Ndugu yake ni "send me the invite", kitenzi kimefanywa nomino, na wanakaza sauti mwanzo, IN-vite, ukiwa kitenzi wanakaza mwisho. Sasa kwa vile kakiri kwamba ni ombi si amri, mjibu kwa adabu muulize zamu ya pili inalipwaje.