Slaidi zangu za blaki endi waiti zinatoka na kiza, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mi napiga picha za blaki endi waiti kwa mkanda wa FP4 na nasafisha mwenyewe nyumbani, sasa nimeanza kuugeuza mkanda wenyewe uwe slaidi za projekta. Shida zinatoka na kiza, mawingu na mashati meupe yote kijivu, halafu kuna madoa ya kahawia. Jamaa kaniambia nizidishe muda kwenye developa (dawa ya kutoa picha) ya pili. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana, developa ya pili iache, kazi yake ni kutia weusi kila kilichobaki na ikimaliza imemaliza. Ugonjwa uko kwenye developa ya kwanza. Hiyo ndo inachukua sehemu zote zilizopigwa na mwanga inazifanya fedha nyeusi, alafu blichi (dawa ya pemanganeti na asidi, sio Jik) inaiyeyusha ile fedha inaondoka kabisa, zinabaki chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga, unaziwashia taa, developa ya pili inazifanya nyeusi ndo unapata picha. Kwahiyo weupe wa shati lako unatengenezwa mwanzoni kabisa, developa ya kwanza ikibakiza chumvi pale shatini basi itageuka kijivu tu, hakuna namna.

Tumia developa kali, PQ Universal inafaa sana, na uweke kidogo ile chumvi iitwayo "haipo" (sodiamu thayosalfeti) ya chengachenga, gramu 8 hadi 12 kwa lita, inayeyusha yale mabaki. Dakika 12 kwa nyuzi 20 ni pa kuanzia. Na kama ulipiga mwanga mdogo slaidi itakuwa na kiza vilevile, hapo developa haikuokoi.

Madoa ya kahawia ni pemanganeti iliyobaki. Baada ya blichi suuza, kisha weka sodiamu metabaisalfaiti gramu 25 kwa lita, yanatoka yote.

Sasa nisikilize vizuri kwenye blichi, naomba sana. Asidi iwe salfuriki tu, ile ya fundi betri, sio yale maji ya kuongezea. Asidi ndo inamiminwa kwenye maji, KAMWE usimimine maji kwenye asidi, na vaa miwani na glavu. Asidi ya haidrokloriki usiiguse, ikikutana na pemanganeti inatoa gesi ya klorini, na Jik nayo usiisogeze karibu na asidi yoyote. Pemanganeti pia inalainisha utando wa picha na maji ya Tanga yana joto, kwahiyo chupa zote zikae kwenye beseni la maji na barafu, la sivyo utando unabanduka.

Kuna kipimo kizuri pia. Ukishatoa madoa fungua tangi la kusafishia mwangani, taa haina madhara tena, uangalie mkanda: kwenye mashati panatakiwa paonekane wazi, kwenye vivuli ndo pawe na rangi ya krimu. Ukiona krimu mpaka kwenye mashati, mkanda ujao ongeza dakika 2 developa ya kwanza, au ile "haipo" kidogo, kimoja kimoja, na ukate kipande kifupi cha kujaribia usiharibu roli nzima.